Gari inamisi ukikanyaga mafuta mpaka chini: jinsi ya kumtafuta mchawi bila kununua spea hovyo

Hii shida iko hivi. Unawasha gari inawaka mara moja, ikiwa imesimama inaunguruma imetulia kabisa, ukienda taratibu inaenda bila kelele, ila ukifika kwenye mlima au unataka kulipita lori ukakanyaga mafuta mpaka chini inaanza kukohoa, tu-tu-tu-tu (hiyo ndio misi, silinda inaruka bila kuwaka), inatikisika, inakosa nguvu kama kuna mtu ameishika kwa nyuma, ukiachia mguu kidogo inarudi sawa kama vile hakuna kilichotokea. Unampelekea fundi anafungua boneti anasikiliza anakuambia mbona injini iko vizuri. Na wala hadanganyi, pale ilipo kweli iko vizuri.

Kwahiyo jambo la kwanza kabisa weka kichwani: shida ya mzigo, yaani injini ikiwa inavuta kwa nguvu, inatafutwa kwenye mzigo. Ile kazi ya kuchomoa koili (zile zinazotengeneza umeme wa cheche) moja moja huku gari imesimama na kusikiliza injini inabadilika vipi inasaidia kwa gari inayomisi muda wote, kwa hii yetu haikuambii kitu, maana ikisimama silinda zote zinafanya kazi. Unachomoa zote nne unakuta zote zinajibu, unabaki pale pale ulipoanzia.

Kwanini ikisimama iko sawa

Elewa hapa vizuri maana huku chini kote tutakuwa tunarudi hapa. Gari ikiwa imesimama mlango wa hewa umefungwa karibu wote, hewa inayoingia kwenye silinda ni kidogo, kwahiyo pistoni ikipanda presha ndani haiwi kubwa, na cheche inaruka kirahisi tu kwenye plagi, volti elfu kadhaa zinatosha. Ukikanyaga mpaka chini hewa inajaa, inabanwa, presha inapanda mara kadhaa, na cheche inapata kazi ngumu ya kuruka kwenye hewa iliyobanwa namna hiyo. Hapo koili inatakiwa itoe hata volti 20,000 na zaidi. Sasa umeme hauna subira, ukikuta njia nyingine rahisi kuliko kuruka pale kwenye gepu, mfano raba ya koili inayovaa plagi ikiwa imepasuka, au waya uliochoka, unapita huko unaishia kwenye chuma cha injini na ile silinda inabaki na mafuta yake bila kuwaka.

Na wakati huo huo injini inataka mafuta mengi kuliko ilivyokuwa inataka ikiwa imesimama, kwahiyo pampu iliyochoka nayo inaumbuka hapo hapo. Ndio maana watuhumiwa wakubwa ni wawili, cheche na mafuta. Wengine wapo, tutawafikia, ila hao wawili ndio wanaokula kesi nyingi, na kwa maoni yangu anza na cheche kila siku, kwanza kwasababu ndio inayosumbua zaidi kwenye mzigo, pili kwasababu kuikagua hakukugharimu kitu zaidi ya muda.

Hakikisha kwanza ni injini kweli

Usicheke, watu wamebadilisha koili zote kumbe shida iko kwenye giaboksi. Kama gari ni otomatiki na mtikisiko unakuja ukiwa kwenye spidi ya 60 mpaka 80 hivi huku umekanyaga mafuta kidogo tu, unahisi kama unapita juu ya matuta madogo madogo yaliyopangana, jaribu hivi: ukiwa bado umekanyaga mafuta gusa breki kidogo sana na mguu wa kushoto. Mtikisiko ukipotea pale pale, mtazame torki konveta (ile inayounganisha injini na giaboksi) na oili ya giaboksi, achana na plagi. Kugusa breki kunaifanya konveta iachie ile loki yake, ndio maana.

Mwingine anayesingizia ni draivu shafti. Joint ya ndani ikiisha gari inayumba upande kwa upande ukikanyaga sana, lakini sauti ya injini haibadiliki na mshale wa RPM unapanda laini. Misi ya kweli unaisikia kwenye eksozi, mlio unakuwa na mapengo, na mara nyingi RPM inasita sita.

Kodi zinasema nini, na hazisemi nini

Chomeka skana hata ile ndogo ya bluetooth ya kwenye simu, usome kodi, yaani zile namba za makosa ambazo kompyuta ya gari inahifadhi. P0300 maana yake misi inatokea kwenye silinda tofauti tofauti, P0301 silinda namba 1, P0302 namba 2, na kuendelea. Hata kama taa haijawaka angalia kodi zinazosubiri, zipo ambazo kompyuta imeziona mara moja tu na bado haijaamua kuwasha taa.

Sasa ujue kompyuta haioni cheche wala haioni mafuta. Kinachofanyika ni kwamba sensa ya krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni) inapima spidi ya krenki inavyozunguka, kila silinda ikiwaka inaisukuma kidogo, silinda isipowaka krenki inapungua spidi kwa sekunde ndogo sana na kompyuta inahesabu ile ni misi ya silinda fulani. Kwahiyo P0303 inakuambia silinda ya 3 haikusukuma. Haijakuambia nunua koili ya 3. Hili kosa limewala watu wengi.

Kitu ambacho wengi wanakiruka, na mimi nakiona cha thamani kuliko kodi yenyewe, ni ile picha ambayo kompyuta inahifadhi kodi inapotokea (kwenye skana inaitwa freeze frame): RPM ilikuwa ngapi, mzigo asilimia ngapi, joto la injini, spidi, na marekebisho ya mafuta (fuel trim). Iandike pembeni KABLA hujafuta kodi, ukifuta na yenyewe imeondoka. Ukikuta misi imetokea RPM 2,200 na mzigo asilimia 90 unajua utaenda kuitafutia wapi.

Halafu hii ya taa: taa ya injini ikiwa inapepesa, sio kuwaka tu, inapepesa, punguza mguu hapo hapo. Maana yake misi ni kubwa kiasi kwamba mafuta ambayo hayajaungua yanaenda kuwakia kwenye masega ya eksozi (kile kisafisha moshi, catalytic converter) na yale masega yanaweza kuyeyuka. Ukiendelea kubembeleza safari unageuza shida ya plagi kuwa shida ya masega.

Iite shida ije, ukiwa umejiandaa

Huhitaji spidi kubwa. Tafuta barabara tupu yenye kilima, gari ikiwa imepata moto, weka gia ya 3 ukiwa na spidi ndogo, RPM iwe kwenye 1,500 mpaka 2,000, halafu kanyaga mpaka chini uiache ipande. Otomatiki weka kwenye manyua uishikilie gia isishuke. Presha ndani ya silinda inakuwa kubwa sana hapo na bado spidi ni ndogo, unaweza kuachia muda wowote. Nenda na mtu, mmoja anaendesha mwingine anaangalia skana, usifanye vyote viwili peke yako. Na ile ya kukanyaga breki na mafuta pamoja gari ikiwa kwenye D mimi siipendi, oili ya giaboksi inapata moto ndani ya sekunde chache.

Sasa sikiliza misi inakuja wakati gani:

Ikija mara tu unapokanyaga, RPM ikiwa bado chini, na inakuja kwa kushtuka kama mtu anakata umeme na kurudisha, mara nyingi ni cheche.

Ikianza vizuri, ikavuta sekunde mbili tatu, halafu RPM ikipanda juu inalegea, inazama kama imeishiwa pumzi, mara nyingi ni mafuta hayatoshi, yale yaliyokuwa kwenye rela (bomba linalogawia nozeli mafuta) yameisha na pampu haiwezi kujaza kwa kasi inayotakiwa.

Ikija tu baada ya gari kupata moto sana, koili ndani imechoka, ikipoa inapona. Hii inachanganya sana maana asubuhi gari ni mpya, jioni ni kimeo.

Sijasema hizi ni sheria, ni dalili tu, ila zinakupa pa kuanzia.

Cheche: hapa kaa sana

Subiri injini ipoe, hasa kama silinda hedi ni ya aluminiamu, kufungua plagi ikiwa ya moto unaweza kuondoka na nyuzi zake. Toa koili, puliza hewa kwenye shimo kabla hujafungua plagi ili mchanga usidondokee ndani. Ukitoa zipange kwa mpangilio wa silinda, hata kwenye kipande cha boksi uandike 1, 2, 3, 4, maana plagi zikichanganyika umepoteza nusu ya ushahidi.

Shimo likiwa na oili, umeshapata kitu. Hiyo inatoka kwenye sili za tapeti kava, inaloweka raba ya koili mpaka inakuwa laini na kuvimba, na umeme unaanza kuvuja. Badilisha sili pamoja na raba, ukibadilisha plagi tu inarudi ndani ya muda mfupi.

Sasa chukua tochi uangalie ile kauri nyeupe ya plagi, sehemu ya juu inayoingia kwenye raba. Mimi mwenyewe nishalipa ada ya ujinga hapa. Nilibadilisha pampu ya mafuta, nikabadilisha filta, nikasafisha nozeli (zile zinazopuliza mafuta), gari bado inakohoa kila mlima, na plagi nilikuwa nimeshazitoa mara mbili nikaangalia ncha tu nikaona zina rangi nzuri nikazirudisha. Mara ya tatu ndio nikaizungusha moja kwenye mwanga, nikakuta mstari mwembamba kama umechorwa na penseli, unaanzia kwenye chuma cha plagi unapanda juu ya kauri mpaka kwenye kichwa. Nikaigeuza raba ya koili ndani nje kidogo, na yenyewe ina mstari wa kijivu unaolingana na ule wa plagi. Umeme ulikuwa unapanda na kushuka pembeni ya plagi badala ya kupita ndani yake, na kila ukipita unaunguza kaboni kidogo na ile kaboni inakuwa barabara nzuri zaidi ya safari ijayo. Plagi moja na raba moja, gari ikapona, na ile pampu ya zamani mpaka leo iko kwenye boksi haina kosa lolote.

Kwahiyo ukikuta huo mstari badilisha vyote viwili, plagi na raba. Plagi mpya kwenye raba ya zamani itachorwa mstari mpya. Na usichanganye na lile duara la rangi ya kahawia linalokaa kwenye kauri jirani na chuma, lile ni la kawaida halina shida, tunachotafuta ni mstari unaopanda.

Halafu pima gepu kwa fila geji. Gari nyingi za petroli zinakaa kati ya mm 0.7 na 1.1, zenye taboo (turbo) mara nyingi zinataka gepu dogo zaidi, fuata kitabu cha gari yako. Plagi ikizeeka gepu linapanuka, ikisimama haileti shida, kwenye mzigo cheche inashindwa kuruka. Kuna jaribio la bei ya bure hapa: plagi zikiwa za kawaida za nikeli punguza gepu kwa mm 0.2 halafu rudi kwenye kile kile kilima. Misi ikipungua sana au kupotea umeshajua shida iko upande wa umeme, ama plagi zimeisha ama koili ni dhaifu. Zile za iridiamu usizichokoe chokoe, ile ncha ni nyembamba na inakatika, na usitumie ile geji ya duara ya kusukuma katikati. Kwa umri, nikeli zinaenda kama km 30,000 hivi, iridiamu nyingi zinafika 100,000, na kama hujui zilizopo zimewekwa lini chukulia zimeisha.

Kuna tabia moja lazima niiseme. Fundi anatoa plagi, anaigusisha kwenye chuma cha injini, anapiga stata, cheche inaonekana, anasema koili nzima. Hapana jamani. Pale nje ni hewa ya kawaida haijabanwa, hata koili inayokufa inaruka gepu la mm 1 kwenye hewa ya nje. Plagi kupiga cheche mkononi hakumaanishi itapiga ndani kwenye presha. Kama unataka kupima koili nje tumia kipima cheche chenye gepu la kurekebisha, uifungue mpaka cheche iruke kama mm 10 na zaidi, koili nzima inaruka ikiwa na rangi ya bluu na mlio mkali, dhaifu inatoa cheche ya njano nyembamba au inaruka leo kesho hairuki. Na usiiache koili ikipiga bila kuwa na pa kuruka, inaweza kujiua na kuondoka na kompyuta.

Jaribio la giza nalo zuri. Usiku, injini inaunguruma, chukua chupa ya kupuliza maji upulize ukungu kidogo tu kwenye koili au waya za plagi ukiwa mbali kidogo. Ukiona vimulimuli vya bluu vinakimbia au injini ikaanza kumisi, umeona penye kuvuja. Mikono mbali, na kama una kifaa cha moyo kifuani usikae karibu kabisa na hii kazi. Gari za zamani zenye distribyuta fungua na kofia yake uangalie nyufa na mistari ya kaboni kwa ndani, waya pima kwa multimita ulinganishe, mmoja ukiwa na omu nyingi sana kupita wenzake wenye urefu unaokaribiana au hausomi kabisa, ndio huyo.

Kuhamisha hamisha

Kama kodi inataja silinda moja, tuseme ya 2, hii ndio njia ninayoipenda kuliko zote na inamaliza kazi kwa safari moja. Koili ya 2 ipeleke silinda ya 1, plagi ya 2 ipeleke silinda ya 3, nozeli iache pale pale. Futa kodi (baada ya kuandika ile picha), nenda kwenye kilima chako. Ikija P0301 koili ndio mbovu. Ikija P0303 ni plagi. Ikibaki P0302 basi ni nozeli, waya na soketi zake za kwenye ile silinda, au injini yenyewe. Ikija 1 na 3 kwa pamoja kumbuka ule mstari, plagi na raba wameshaharibiana.

Ikiwa misi inarukaruka silinda zote usianze na hili, kitu kinachozigusa zote kwa pamoja ndio kinatafutwa: mafuta, hewa, au umeme unaolisha koili zote. Hapo angalia betri na ethi ya injini. Ethi iliyooza inaweza kuwasha gari vizuri tu lakini koili hazijai sawasawa.

Mafuta

Hapa geji inaongea kuliko maneno. Gari za nozeli za kawaida, zile zinazopuliza kwenye manifoldi, nyingi zinataka bar 3 mpaka 4, yaani kama psi 43 mpaka 58, ila namba kamili ni ya kitabu cha gari yako. Kupima ikiwa imesimama peke yake tumeshasema haitoshi, chukua mpira mrefu wa geji, ipitishe nje ya boneti kwa usalama uifunge kwenye kioo cha mbele kwa nje, halafu mtu aendeshe. Presha ikikaa palepale ukiwa umekanyaga mpaka chini na gari bado inamisi, mwache pampu apumzike. Ikishuka na kuendelea kushuka kadiri unavyokanyaga umepata njia: filta imeziba, chujio la ndani ya tanki limejaa uchafu, pampu imechoka, au pampu nzima ila haipati umeme wa kutosha. Hili la mwisho watu wanalisahau. Pima volti pale pale kwenye pampu ikiwa inafanya kazi, ulinganishe na betri, ikipungua zaidi ya nusu volti hivi fuatilia waya, rilei na ethi kabla hujanunua pampu, la sivyo pampu mpya itakuwa mvivu vile vile.

ONYO kwa injini za nozeli zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda: usilegeze bomba lolote upande wa presha kubwa kutafuta mafuta. Humo kuna bar 50 mpaka 200 na zaidi, mafuta yakitoka kwa presha hiyo yanapenya ngozi na hiyo ni kesi ya upasuaji. Soma kwenye skana, presha kompyuta inayoitaka na presha iliyopo, ukikanyaga zikiachana umeshapata jibu bila kushika spana.

Kama huna geji tumia yale marekebisho ya mafuta kwenye skana, hasa ya muda mrefu. Namba ikiwa chanya kompyuta inaongeza mafuta kwasababu inaona hewa imezidi. Ikisimama ni +15 halafu ukipandisha RPM inashuka karibu na sifuri, hewa inavuja kwenye manifoldi au mpira wa vakyumu. Kinyume chake, ikisimama iko sawa halafu ukiongeza mzigo inapanda +10, +15, +20, mafuta hayafiki au sensa ya hewa inadanganya. Ukikanyaga mpaka mwisho kabisa kompyuta nyingi zinaacha kusikiliza sensa ya oksijeni, kwahiyo soma wakati wa mzigo wa kati, kwenye kilima umekanyaga nusu.

Na huu mtego uangalie: silinda ikikosa cheche, ile hewa yake inatoka haijaungua, sensa ya oksijeni inaiona ile oksijeni inasema mafuta ni kidogo. Mafuta wala hayana shida. Mtu anasoma "mafuta kidogo" anaenda kununua pampu (nyinyi mnamjua huyo mtu, mmeshasoma habari zake hapo juu). Ndio maana nikasema cheche kwanza.

Chunguza pia kama shida inakuja zaidi tanki likiwa karibu kuisha, au kama ukifungua mfuniko wa tanki inasikika hewa inavutwa kwa nguvu. Ikivutwa sana, endesha mfuniko ukiwa umelegea kidogo kwa jaribio fupi uone kama nguvu inarudi, inawezekana tanki halipumui.

Hewa

Sensa ya hewa, ile inayokaa baada ya filta, ikishika vumbi inaripoti hewa ndogo kuliko inayoingia, kwenye mzigo ndio inakosea zaidi, na kompyuta inatoa mafuta kwa hesabu hiyo ya uongo. Safisha kwa sprei yake maalum, ile ya sensa ya hewa, usitumie ya kabureta wala ya breki na ule waya mdogo usiuguse hata na pamba. Acha ikauke kabisa ndio urudishe.

Lile bomba la raba lenye mikunjo linalotoka kwenye sensa kwenda kwenye mlango wa hewa lifungue ulikunje kwa mkono. Ufa unajificha ndani ya mkunjo, ukiangalia kwa macho huuoni. Injini ikiwa imetulia ufa umejifunga, ukikanyaga injini inajipinda kwenye maunting zake (zile raba zinazoishikilia), bomba linavutwa, ufa unafunguka, hewa isiyohesabiwa inaingia. Kama maunting zimeisha ndio kabisa. Kwa gari ya taboo ongeza mabomba yote ya presha mpaka kwenye intakula (kipoza hewa ya taboo), ukisikia mluzi au kupumua kwa nguvu ukikanyaga anza na hapo.

Filta ya hewa iliyoziba kwa kawaida inaleta uvivu tu, misi ni mara chache. Ila iangalie, ni dakika mbili.

Eksozi

Masega yakiziba injini inavuta hewa lakini haina pa kuitolea. Dalili yake zaidi ni kukosa nguvu, gari inafika spidi fulani inagoma, misi inakuja nyuma yake. Fungua sensa ya oksijeni ya mbele weka geji ya presha kwenye lile tundu, ikiwa imesimama iwe karibu na sifuri, RPM 2,500 isizidi kama psi 3. Ikizidi yamejaa. Na ukikuta yameyeyuka jiulize nani aliyayeyusha, kwasababu kama ni misi ya muda mrefu na bado hujaitibu, masega mapya nayo yatafuata.

Injini yenyewe

Ukifika hapa na silinda ni ile ile moja, umeshahamisha koili, plagi na nozeli na haijahama, pima kompresheni. Plagi zote nje, umeme wa koili na nozeli umekatwa, betri imejaa, mguu mpaka chini kwenye mafuta (wengi wanasahau hili wanapata namba ndogo wanashtuka bure), piga stata mizunguko 5 au 6 kwa kila silinda. Namba zenyewe zinatofautiana kwa injini, cha muhimu zaidi ni zilingane. Ya chini ikiwa chini ya asilimia 75 ya ile ya juu kuna shida. Weka kijiko kidogo cha oili kwenye silinda hiyo upime tena, ikipanda sana ni ringi, ikibaki vile vile ni valvu au gasketi. Springi ya valvu iliyochoka inaweza kupita hili jaribio vizuri na bado ikamisi kwenye RPM kubwa, na taimingi cheni iliyolegea nayo inashusha silinda zote kwa pamoja, kwahiyo namba nzuri hazimalizi kesi zote.

Ukishapata

Rudi kwenye kilima kile kile, gia ile ile, injini ya moto kama mwanzo. Skana nyingi zinaonyesha hesabu ya misi kwa kila silinda, iwe sifuri baada ya kukanyaga mara tatu nne, sio mara moja. Ukifuta kodi kompyuta nyingi zinasahau na marekebisho ya mafuta, kwahiyo siku ya kwanza gari inaweza kuwa na tabia za ajabu kidogo, ipe safari kadhaa ndio uyasome upya. Halafu chomoa kijiti cha oili unuse. Kama ilikuwa inamisi kwa wiki kadhaa mafuta yanakuwa yameshuka kwenye oili, ikinuka petroli au imepanda kuliko ulivyoijaza, mwaga yote uweke mpya.